Mahindi Kwenye Njia ya Ng'ombe

Vijana wangu, kila mwaka naalikwa kuzungumza na wanaoanza kazi katika mashirika ya huku kwetu, na kila mwaka naulizwa swali lile lile: mzee, mkakati ni nini na mbinu ni nini? Nami huchukua kalamu, huchora mstari ubaoni, juu naandika mkakati na chini mbinu, nyinyi mnanakili, mnapiga makofi, tunakwenda kula pilau. Mwaka huu kijana mmoja wa Hola aliyekaa nyuma akasema, "Mzee, hizo za theory tumezisoma. Tupee stori." Wenzake wakacheka. Nikawaambia muda umekwisha, na muda ulikuwa bado.

Stori ipo. Nimeikalia miaka mingi kwa sababu kila nikiianza naona aibu kabla sijafika katikati. Nilipokuwa kazini niliogopa kupoteza kazi, na nilipostaafu nikaogopa kupoteza jina. Sasa nimefika umri wa kujiuliza hilo jina nalitunzia nani. Nitaisimulia kama ninavyoikumbuka, na nikienda kando mnivumilie, maana wazee ndivyo tulivyo.

Nilikuwa afisa wa mipango katika shirika dogo pale Garsen, mwishoni mwa miaka ya tisini. Msidanganywe na cheo. Ofisi ilikuwa vyumba viwili vya bati, na ndani yake kompyuta moja tuliyoifunika shuka isiingie vumbi, na jenereta iliyowashwa saa mbili tu kwa siku. Mipango niliiandika kwa mkono, nikangoja umeme niichape. Mkubwa wetu alikuwa Bi Zaituni, mama wa Kipini, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi, na maneno yake machache yalikuwa makali kuliko ya wengi wanaosema sana. Mimi ni Mpokomo wa mtoni. Baba yangu alilima ukingoni, na babu yangu vivyo hivyo. Hilo mlishike, kwa sababu linaninyima kila kisingizio.

Somo langu la kwanza la mkakati nilipewa nikiwa na matope mpaka mapajani. Mvua ilikuwa imenyesha, na mnaijua ile ardhi nyeusi ya Garsen ikilowa. Nilikuwa na mkutano kijijini, nikaondoka hivyo hivyo, Landrova ikazama. Sikushindwa. Nilikata matawi, nikatandika magunia chini ya magurudumu, nikapunguza upepo wa matairi, nikaita watu tukasukuma. Ikatoka. Mbele kidogo ikazama tena, tukaitoa tena. Ilinichukua siku mbili kufika, na nilipofika nikakuta wazee watatu na mbuzi. Watu wote walikuwa mashambani wakiwahi kupanda. Nilirudi ofisini nikamsimulia Bi Zaituni habari ya magunia na matairi, kwa madaha kabisa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kutoka matopeni wayua," akasema. "Sasa nambia, ulikwenda kufanyani siku ambayo kila ntu yuko shamba?"

Akaniambia kwamba kulitoa gari topeni ni mbinu, na kujua kama gari lilifaa kuondoka ofisini ni mkakati, na kwamba mtu hodari wa la kwanza ni hatari akikosa la pili, kwa kuwa hakuna tope litakalomzuia kufika pasipofaa. Nilicheka, nikayaandika maneno yake kwenye daftari. Kuandika sikuwa na shida.

Halafu nilipelekwa semina ya mipango huko Malindi. Nilirudi na makaratasi makubwa, kalamu za rangi nne na maneno mapya ambayo nyumbani mke wangu aliyachoka ndani ya wiki moja. Nilichora mti wa matatizo, mizizi huku, matawi huku. Nikaubandika ukutani. Bi Zaituni akautazama, akauliza kama mti huo huzaa. Lakini aliuacha pale pale, na wageni wakija waliusifu.

Kisha yakaja mafuriko ya El Niño. Sitawasimulia maji, wazazi wenu watakuwa wamewasimulia. Mto ulikula kingo, ukachukua ndizi, miembe, maboma, vyakula vya ghalani. Maji yalipokauka watu walianza upya na hawakuwa na mbegu. Shirika letu likapata msaada wa kusaidia vikundi vya wakulima, nami nikaambiwa niandike mpango.

Ukurasa wa kwanza aliuandika Bi Zaituni mwenyewe, sentensi moja tu: watu wa mto wapate chakula chao tena, bila kuharibu ujirani wao na wafugaji. Nilitaka kuikata nusu ya pili. Nilimwambia wafadhili wanapenda sentensi fupi.

"Wafadhili watakwenda zao," akasema. "Waorma na Wapokomo hawana pa kwenda. Iwate hivyo hivyo."

Nikaiacha. Huo ndio ulikuwa mkakati wetu, wote, mstari mmoja. Kurasa zilizofuata zilikuwa mbinu, na hizo zilikuwa zangu: mashine za kuvuta maji na mipira yake, mbegu, mafunzo, na tarehe ya kila kitu. Nilizipenda kurasa zangu. Ile sentensi niliichapa kwa vidole vyangu na sikuirudia kuisoma.

Kikundi cha kwanza kilikuwa cha akina mama wa kijiji kimoja upande wa Hewani. Jina la kijiji nitalihifadhi, wametosheka na mambo. Mwenyekiti wao aliitwa Mama Rehema, mjane, mwanamke wa kusema jambo mara moja. Mimi ndiye niliyechagua mahali pa shamba. Kingo nyingi zilikuwa na msitu, visiki na mizizi, kazi ya wiki nyingi kusafisha. Lakini palikuwa na ukanda mmoja wa nyasi tupu, hauna hata kisiki, ukingo wake umeteremka taratibu mpaka majini, mashine ingekaa bila taabu. Nilipopaona nilifurahi sana. Wageni wa wafadhili walikuwa wanakuja baada ya miezi michache, na mimi nilitaka wakute mahindi yamesimama.

Ukanda ule ulikuwa malka. Kwa aliyekulia mjini nieleze: malka ni njia ambayo ng'ombe wa Waorma hushukia mtoni kunywa wakati wa kiangazi, ikipita katikati ya mashamba ya Wapokomo. Haina kibao wala hati. Mkulima anajua asilime hapo, mfugaji anajua asitoke nje ya hapo, na watu wameishi hivyo tangu mababu. Baada ya El Niño, huko bara malisho yalijaa na madimbwi yalijaa, kwa hiyo ng'ombe hawakushuka mtoni kwa muda mrefu, na nyasi kwenye ukanda ule zilikuwa zimefika kifuani.

Kwa miaka mingi nimesema kwamba nyasi zilinidanganya. Uongo. Mtu aliyezaliwa mtoni akiona ukingo uliolainishwa na kwato vile hahitaji kuambiwa. Nilipoinama kushika udongo, mkono wangu ulikutana na kinyesi cha ng'ombe, kikavu, cha zamani, kinavunjika vunjika. Nilikifunika kwa kiatu. Hakuna aliyeona.

Mama Rehema naye hakuwa mgeni pale. Akaniuliza, "Komora, hapa si ndipo ng'ombe wanaposhukia?"

Nikamjibu, bila hata kumeza mate, "Wafugaji wamekubali kutumia malka ya chini. Tumeshazungumza nao."

Sikuwa nimezungumza na mtu. Nilijiambia nitazungumza nao wiki ijayo, na kwa kuwa nitazungumza nao, si uongo sana, ni ukweli uliotangulia kidogo. Mnacheka, lakini angalieni ripoti zenu. Mama Rehema akasema, "Basi kama wamekubali," akafunga leso kiunoni, wakaanza kufyeka siku ile ile.

Wiki ijayo haikuja. Aliyekuja ni Mzee Barisa. Alikuwa Muorma mwenye ng'ombe wengi na sauti ndogo, anajulikana mpaka Garsen. Siku moja asubuhi nilimkuta ameketi kwenye benchi la ofisi, fimbo magotini. Nikamkaribisha, nikaagiza chai.

"Mimi nasikia nyinyi nataka lima pale chini," akasema.

"Ndiyo, mzee. Ni kikundi cha akina mama."

"Pale ni malka."

Akanywa chai kidogo.

"Sasa nyasi iko, maji iko huko juu, ng'ombe hapana kuja. Lakini jua takuja. Ile siku jua nakuja, ng'ombe hapana uliza ofisi."

Nilimwambia, "Mzee, nimekusikia. Nitalipeleka kwenye mkutano." Nikafungua daftari mbele yake, nikaandika: Barisa, malka. Aliniuliza mkutano ni lini, nikasema karibuni. Akasema atangoja. Alinipa mkono, akaondoka ameridhika, maana kwake neno lililoandikwa na mtu wa ofisi lilikuwa limeshika.

Bi Zaituni alitoka chumbani kwake akauliza mzee yule alitaka nini. Nikamjibu alikuja kusalimu. Akauliza, "Na lile shamba la akina Mama Rehema, wafugaji wana neno?" Nikasema hawana. Alinitazama juu ya miwani. Kisha akarudi kwenye kazi yake, kwa sababu alinichukulia kama mwanawe, na mimi ni wa mto, nani angejua mambo ya mto kunishinda?

Mnaona jinsi ilivyo rahisi? Sikuiba, sikulewa, sikukosa kazini hata siku moja. Nilikuwa mbioni kutimiza tarehe zangu, na kila nilipotimiza moja nilikuwa nimeivunja tena ile sentensi ya kwanza. Laiti ningekuwa mvivu. Mvivu angechelewa kulima, kiangazi kingemwahi, na malka ingebaki wazi.

Wageni walikuja. Mahindi yalikuwa yamefika magotini, bamia zimetoa maua, mashine inanguruma. Mgeni mmoja alivishwa leso, akapigwa picha ameshika mpira wa maji. Mimi nilitoa hotuba. Nilitumia neno mkakati mara nyingi, na wageni waliandika. Nikikumbuka hotuba ile, hata nikiwa peke yangu chumbani, natamani kujifunika uso.

Kiangazi kiliingia baadaye, kwa ukali. Madimbwi ya bara yakakauka moja baada ya jingine. Siku moja mchana tukaitwa kwenye redio ya ofisi, sauti ya chifu inapandana na kelele: njooni, ng'ombe wamefika kwenye shamba la akina mama. Bi Zaituni alikuwa safarini Mombasa. Nikaenda mimi na dereva.

Nilichokikuta sikisahau. Ng'ombe walikuwa na siku nne bila maji na walikuwa wamesikia harufu ya mto. Mnyama wa hivyo hazuiliki. Vijana wa Kiorma walisimama mbele yao wakiwasukuma kwa vifua na fimbo, wanalia kwa uchungu wa kuzuia mifugo yao wenyewe, na wawili walikuwa na mikuki. Ndani ya ua wa miba walisimama akina mama na mapanga ya kufyekea, na wanaume wa kijiji walikuwa wanakuja mbio. Katikati alikuwa Mzee Barisa, mikono ameinua, anawatuliza wa kwake.

Nikashuka garini, nikaanza kutoa mawazo. Mashine ijaze mtaro nje ya ua. Ng'ombe wapite kwa zamu, kumi kumi, pembeni. Dereva aende akaite askari. Kila wazo peke yake lilikuwa zuri, ningepata alama kwenye semina. Hakuna aliyenisikiliza. Mama Rehema alitoka nje ya ua, panga mkononi, akaja mpaka mbele yangu. Sisi wawili huongea Kipokomo, lakini siku ile alisema Kiswahili ili kila mtu asikie.

"Komora. Ulituambia hawa watu wamekubali."

"Ndiyo, Mama Rehema."

"Walikubali?"

Hapo ndipo pangekuwa mwisho wa uongo wangu. Neno moja tu. Lakini niliyaona mapanga, nikawaona wanaume wanaofika, nikaiona kazi yangu, nikasema, "Walikubali wengine. Labda huyu mzee siku hiyo hakuwapo."

Watu wote wakamgeukia Mzee Barisa. Alikuwa karibu nami sana, ningeweza kumshika bega. Nikangoja aseme: mimi nilikunywa chai ofisini kwako, ukaandika jina langu. Alinitazama, si kwa muda mrefu. Kisha akawatazama vijana wake wenye mikuki, akawatazama wanaume wa kijiji.

"Labda," akasema. "Mimi labda nilikuwa mbali."

Mama Rehema akamuuliza kama ng'ombe wanaweza kufika malka ya chini. Mzee Barisa akatazama ng'ombe wake. "Ile ni nusu siku," akasema. "Hawa hapana fika."

Yule mama akalitazama shamba. Mahindi yalikuwa yameanza kubeba, na ndicho kilikuwa chakula cha nyumba zao zote tangu maji yalipochukua kile cha kwanza. Kisha akageuka, akakata kamba za lango la ua, akaanza kuvuta miba kwa mikono yake mwenyewe. Wenzake wakapiga kelele, wengine wakalia, lakini walimfuata, wakavuta pamoja naye. Vijana wa Kiorma wakakimbilia pembeni mwa shamba kujaribu kuikinga mistari ya ndizi ya akina mama kwa fimbo zao. Ng'ombe wakapita. Muda si muda hapakuwa na bua lililosimama, na ng'ombe walikuwa majini mpaka shingoni, wanakunywa. Hakuna mtu aliyeguswa. Jioni ile akina mama waliokota mahindi mabichi yaliyokanyagwa, wakayatia vikapuni.

Bi Zaituni aliporudi aliandika ripoti kwamba kosa lilikuwa la ofisi, na ofisi maana yake yeye. Malka ilifunguliwa, shamba likahamishiwa kwenye visiki, pale pale nilipokwepa. Kabla mwaka haujaisha alikuwa ameondolewa kazini. Hakuwahi kuniuliza swali lolote. Mimi nilipewa nafasi yake.

Miezi kadhaa baadaye nilimkuta Mzee Barisa kwenye mnada wa mifugo Garsen, anapiga mswaki kwa kijiti huku akibishania bei ya dume. Nikamvuta kando. Nikamuuliza kwa nini siku ile hakusema ukweli.

"Mimi nasema wewe uongo, hawa mama nakasirika," akanijibu. "Kijana yangu nakasirika zaidi. Damu namwagika. Askari nakuja, malka nafungwa kabisa. Mimi nataka nini? Nataka maji. Hii mwaka, na ile mwaka ingine, na mtoto yangu pia. Wewe kuaibika, mimi napata nini?"

Akaniuliza, "Wewe ulikuwa nataka nini?"

"Kulikuwa na wageni, mzee."

"Walikuja?"

"Walikuja."

"Walikwenda?"

"Walikwenda."

Akatikisa kichwa, akarudi kwenye dume lake.

Sasa yule kijana wa Hola ameipata stori yake. Mzee Barisa hakuwa na karatasi wala mti wa matatizo. Alikuwa na ng'ombe wanaokufa, watu wenye silaha pande zote, na ushindi mdogo mikononi, wa kuniumbua mimi. Aliuachilia kwa sababu haukumfikisha alikotaka kwenda. Nami niliyelipwa kwa kazi ya kupanga sikuwahi kujiuliza nakwenda wapi.

Ningeweza kuishia hapo, na nilitaka kuishia hapo. Lakini lipo moja bado, na ndilo linalonifanya niandike badala ya kuwasimulia tu.

Mama Rehema yu hai. Nikipita kwake hunipa ndizi, hunikalisha kivulini, huniita mwanangu. Wageni wakiwapo huwaeleza habari ya shamba lile, na kila mara humalizia hivi: "Komora hakuwa na kosa. Wale Waorma walikubali, kisha wakageuka." Amewaambia hivyo wanawe, na wanawe wamewaambia watoto wao. Nimeketi pale, ndizi mkononi, nikasikia, nikanyamaza, mwaka baada ya mwaka. Mahindi yalipandwa tena msimu uliofuata. Lakini ile nusu ya pili ya sentensi ya Bi Zaituni, ya ujirani, niliivunja kwa maneno machache siku ile, na imebaki imevunjika katika nyumba ile mpaka leo.

Yeye hajui kusoma, ila binti yake ni mwalimu, na najua atamsomea. Kwa hiyo vijana wangu mniwie radhi, sasa naacha kusema na nyinyi.

Mama Rehema, uliniuliza kama walikubali. Hawakukubali. Hakuna niliyemwuliza hata mmoja, na Mzee Barisa alikuja mwenyewe ofisini kunionya kabla hujapanda mbegu. Yeye hakukugeuka. Aliyekugeuka ni mimi.